Daraja Lililomngoja Mgeni Rasmi

Nchi hii msiitafute kwenye ramani, haimo. Na akitokea mtu akaapa kwamba anaijua, kwamba hata juzi alipita hapo akanunua mihogo, mwacheni, huenda ana homa. Inaitwa Jamhuri ya Nyookeni. Ina milima, ina mito, ina ng'ombe wengi kuliko malisho na wakubwa wengi kuliko kazi. Watu wake ni wapole. Wanasalimiana mpaka uji unapoa.

Ikatokea siku moja Mtukufu Kiongozi, akipita na msafara wake, akamwona kijana ameegemea ukuta. Kijana yule hakuwa na kosa jingine lolote. Ameegemea tu. Mtukufu alirudi Ikulu, hakula, hakunywa. Kesho yake redio ikatangaza kwamba taifa limepinda mgongo, kwamba vijana wamekosa maadili, na kwamba dawa ni moja tu: kwata.

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Kikosi cha Kujitolea cha Malezi na Maadili. Jeshi lenyewe halikuhusishwa, maana jeshi linakula bajeti. Kikosi kilikuwa cha watu wa kujitolea, tangu mkufunzi hadi mpishi, nacho kilipewa kila kitu cha kijeshi isipokuwa mshahara. Kilipewa vyeo, filimbi, nyimbo za mchakamchaka na bunduki za mbao. Buti kila mtu alijinunulia, kama sehemu ya somo la uzalendo.

Katika kata ya Mwamkoko, mkufunzi alikuwa binti mmoja, Siwema Mbaruku. Alikuwa na stashahada ya ujenzi, sauti ya kupasua uwanja, na subira ambayo sasa ilikuwa imebaki nyuzi. Alijitolea kwa sababu aliambiwa wanaojitolea watakuwa wa kwanza ajira zikitoka. Huko Nyookeni, "ajira zikitoka" husemwa jinsi watu wa kwingine wanavyosema "Mungu akipenda", na kwa imani kubwa zaidi.

Mkuu wake alikuwa Jenerali wa Kujitolea Pazi Mwinyigogo. Usimdhanie vibaya, hakuwahi kumpiga mtu wala kupigwa. Kabla ya kuwa jenerali alikuwa dalali wa mnada wa mbuzi, na sauti yake ndiyo iliyompandisha cheo. Kifua chake kilijaa nishani, moja kwa kila semina aliyohudhuria. Ile kubwa ya katikati aliipata kwenye semina ambayo chakula cha mchana hakikuletwa, naye akakaa mpaka mwisho.

*

Maadili yalifundishwa kwa mpigo. Ndivyo mwongozo ulivyoagiza: kila tendo jema likatwe vipande, kila kipande kipewe namba, ili mtu asije akatenda wema kiholela.

"Kikosi, huruma! Kwa idadi... moja!"

Makuruta wakasimama ghafla.

"Mbili!"

Vichwa vikageuka kushoto.

"Tatu!"

Nyuso zikasikitika.

"Nne!"

Mkono wa kulia ukanyooka kutoa msaada. Aliyesikitika kabla ya tatu alirudishwa mwanzo. Aliyenyoosha mkono bila kusikitika alipigishwa pushapu.

Somo la ukweli lilikuwa gumu zaidi. Kuruta mmoja alipiga hatua mbele akasema, "Afande, maharage yana wadudu." Jenerali alimsifu mbele ya gwaride zima kwa ujasiri wake, kisha akamwamuru achimbe shimo la taka kwa kosa la kusema ukweli usioombwa.

Na somo la kumvusha mzee barabara lilihitaji mzee. Bahati nzuri jirani na uwanja aliishi Bibi Mwanamvua, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ametoka kununua chumvi. Wakamvusha. Wakamrudisha. Wakamvusha tena.

"Wajukuu zangu," alilia, "duka liko huku huku nilikokuwa!"

"Tulia, bibi, hatujafika namba nne."

Filimbi ya kufunga mazoezi ililia bibi akiwa katikati ya barabara, na kwa kuwa somo lilikuwa limekwisha, wakamwacha pale pale, wakaondoka kwa mwendo wa haraka, mikono ikipanda hadi begani. Ilibidi Siwema arudi mwenyewe. Alimshika bibi mkono, akampeleka dukani, akamlipia na ile chumvi.

Kuruta Shomvi alikuwa akimtazama. Huyu ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake bora, kijana mrefu, mnyoofu kama mche wa sabuni.

"Afande, hiyo uliyofanya ni namba ngapi?"

"Haina namba, Shomvi."

"Sasa sisi tutaijuaje?"

Siwema alicheka. Alidhani ni utani. Kesho yake alirudi uwanjani akawafundisha tena wimbo ule wa mwongozo, *amri kwanza, akili baadaye*, akawaimbisha mpaka koo zikakauka, kwa sababu mkaguzi alikuwa anakuja na ajira zilikuwa zinatoka.

*

Sasa, kata ya Mwamkoko imekatwa vipande viwili na mto Sungwi. Upande huu kuna zahanati, shule, soko, uwanja wa gwaride na Jenerali. Upande wa pili, Ng'ambo, kuna watu. Kiangazi mto huo ni kijito cha kulowesha nyayo. Masika huamka, na akiamka Sungwi haulizi wewe ni nani.

Dada yake Siwema, Kidawa, alikuwa ameolewa Ng'ambo. Masika iliyopita alishikwa na uchungu mto ukiwa umejaa. Walimfikisha ukingoni wakakwama. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwenye matope, upande usio na zahanati, akazikwa upande huo huo.

Sasa Kidawa alikuwa mjamzito tena, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya nyuma ya vilima.

Siwema alikwenda kwa Jenerali, akapiga saluti mpaka kofia ikatikisika. "Afande, naomba Kikosi kijenge daraja la miguu. Magogo ya mikaratusi yapo, yamelala bure kando ya barabara. Hesabu zake nazijua."

"Daraja?" Jenerali alikunja uso. "Daraja lina maadili gani?"

Siwema alifikiri upesi. "Linafundisha uvumilivu, Afande. Litakanyagwa kila siku na halitalalamika."

Jenerali alifumba macho, akayarudia maneno yale kimoyomoyo, na jioni ile ile akayasema kwenye mkutano kama yake. Kibali kikatoka.

Nakwambia, kama uliwahi kuona watu wakifurahi na matope mpaka nywele, basi uliwaona makuruta wa Mwamkoko wiki zile. Walibeba magogo, walichimba, walikaza nguzo, walitaniana. "Shomvi, shika huko, wewe si una urefu wa bure!" "Nishike vipi na wewe umelala kwenye gogo kama kenge?" Watu wa Ng'ambo walileta kamba, misumari na viazi vya kuchemsha. Hakuna aliyekumbuka kuhesabu. Siwema aliwatazama, na kwa mara ya kwanza tangu avae kombati akajisikia anafundisha kitu.

Daraja likaisha. Lilikuwa imara, lina mikono ya kushikia pande zote mbili. Siwema akafuta jasho, akainua mguu wa kulia apige hatua ya kwanza.

Filimbi ikalia.

"Mguu chini!" Jenerali alikuja akikimbia, nishani zikilia kifuani kama njuga. "Nani amekwambia ukanyage?"

"Nataka kulijaribu, Afande."

"Kulijaribu nini? Hayo ni magogo. Yatakuwa daraja yakizinduliwa!"

Hapo msomaji mgeni ataniona nazua, kwa hiyo nieleze. Nyookeni hakuna jema linalohesabika kuwa limetendeka mpaka aje mgeni rasmi, akate utepe, ahutubie. Ndiyo mila, na sasa ni sheria. Kata ya jirani ilichimba kisima kikasubiri kuzinduliwa mpaka kikakauka. Kilizinduliwa hivyo hivyo kikavu, na mgeni rasmi akawapongeza wananchi kwa kisima salama, ambamo hakuna mtoto atakayezama.

Basi utepe ukafungwa, mwekundu na mweupe, huku na Ng'ambo. Makuruta walewale waliojenga wakapewa bunduki za mbao walilinde daraja lisikanyagwe. Mkuu wa walinzi akawa Shomvi.

*

Mgeni rasmi aliyeteuliwa alikuwa Mheshimiwa Waziri wa Maadili na Unyookaji. Alipanga kuja, akaahirisha, kwa kuwa alikuwa na uzinduzi wa msimu wa uzinduzi. Akapanga tena, akaahirisha, kwa kuwa suti ya kuzindulia madaraja ilikuwa kwa fundi. Mvua zikaanza. Watu wa Ng'ambo wakawa wanavuka majini, chini ya daraja, nguo zimekunjwa na mizigo kichwani, huku makuruta wamesimama juu yao, kila ncha, wakitazama mbele.

"Ahsante serikali kwa kutujengea kivuli!" mama mmoja alipiga kelele kutoka majini.

"Na juu hapo kunakaushwa nini, muhogo?" mwingine akadakia.

Bi Havijawa, mkunga wa Ng'ambo, mwanamke mfupi mwenye kauli ndefu, alisimama katikati ya mto akawaelekezea kidole walinzi. "Nyie! Nusu yenu nimewapokea kwa mikono hii. Mlitoka tu, tena mnapiga makelele. Hakuna hata mmoja aliyengoja mgeni rasmi!"

Makuruta walitazama mbele. Walikuwa wamefunzwa vizuri.

Maji yalipofika kiunoni, watoto wa Ng'ambo wakaacha shule. Yalipofika kifuani, Siwema akaenda kwa Shomvi.

"Shomvi, nisikilize. Dada yangu siku zake zimekaribia. Akija, mpitishe."

"Siwezi, Afande."

"Kwa nini huwezi? Gogo hili umelibeba wewe mwenyewe kwenye bega lako!"

"Kuna amri, Afande."

"Ya nani?"

"Yako." Shomvi alisema bila ubishi, kama mtoto anayejibu swali la hesabu. "Amri kwanza, akili baadaye. Uliniambia niiimbe mpaka nisahau kufikiri. Nilijitahidi sana, Afande."

Siwema alitaka kumzaba kofi. Mkono ulimrudi mwenyewe, akajikuta ameushika mdomo wake.

Akaenda kwa Jenerali. Jenerali alikuwa anafanyia mazoezi hotuba mbele ya kioo.

"Mwambie dada yako avumilie. Uvumilivu ni somo la saba."

"Afande, tumbo halina somo la saba."

"Siwema, Siwema." Jenerali alishusha sauti ikawa ya baba mlezi. "Mheshimiwa anakuja Jumamosi, safari hii kweli. Anakuja na ajira yako. Nimependekeza jina lako mwenyewe, litatajwa hadharani, kwenye kipaza sauti. Miaka yote hii umejitolea. Utaitupa kwa ajili ya haraka za tumbo la mtu mwingine?"

Siwema alipiga saluti, akatoka. Alikuwa na hasira mpaka meno yanamuuma, na kibaya zaidi, chini ya hasira ile, sehemu ndogo ya moyo wake ilikuwa imeshaanza kuhesabu siku hadi Jumamosi.

*

Jumamosi ikafika, na Waziri akafika nyuma yake, jua limeshapanda. Kata nzima ilikuwa imeamriwa kuhudhuria. Mwalimu aliacha shule, mwenye duka aliacha duka, na Zamda, muuguzi wa zahanati, alikaa mstari wa tatu na funguo za zahanati mfukoni. Mto Sungwi ulikuwa umefura, mwekundu kama uji wa ulezi, unapita kidogo tu chini ya magogo ya daraja. Daraja halikutikisika.

Kwanza ulipigwa wimbo wa taifa. Wimbo wa Nyookeni una desturi zake. Kila kiongozi huongeza ubeti wake, kwa hiyo ni mrefu. Anayeusikia popote alipo hana budi kusimama vile vile ulivyomkuta, asitikisike hata kidole, mpaka neno la mwisho. Anayetikisika hulala ndani. Na ukikosewa hata neno moja, huwa umetukanwa, na utakaso wake ni kuanza upya tangu ubeti wa kwanza. Anayeruhusiwa kujongea ni mmoja tu, kiongozi wa waimbaji, tena mkono mmoja tu wa kupigia mapigo. Siku hiyo, kwa kuwa spika za serikali zilikuwa zimenyeshewa, waimbaji walikuwa Kikosi na kiongozi alikuwa Siwema. Waliimba bila kosa. Waziri akatikisa kichwa kwa kuridhika, Jenerali akameza mate kwa kushukuru, watu wakakaa.

Zikafuata risala. Ikafuata ngonjera. Ikafuata risala ya kushukuru kwa ngonjera. Na hapo ndipo, upande wa Ng'ambo, wanawake wakatokea kwenye njia ya migomba, wamemshikilia mtu katikati.

Siwema alimtambua kwa kanga kabla hajamtambua kwa uso. Kidawa alikuwa anatembea hatua chache, anasimama, anainama, anatembea tena. Bi Havijawa alikuwa nyuma yake, amekishika kiuno chake kwa mikono miwili. Walipofika kwenye utepe, makuruta wawili wakakingamisha bunduki za mbao mbele yao.

"Simama! Nani anakuja?"

"Anayekuja ni mtoto, mbwa nyie!" sauti ya Bi Havijawa ilivuka mto bila daraja. "Tangu alfajiri yuko hivi! Fungueni!"

Siwema alikuwa ameshafika kwa Jenerali. "Afande, Mheshimiwa akate utepe sasa. Tafadhali. Ni dakika moja tu."

Jenerali aliifungua ratiba. "Utepe ni baada ya hotuba. Hotuba ni baada ya burudani. Burudani ni baada ya Onyesho la Huruma." Akamkazia sauti: "Rudi kwenye nafasi yako, onyesho ni lako!"

Na kweli lilikuwa lake. Makuruta wakaingia uwanjani kwa mwendo wa pole, wamebeba machela, na juu ya machela kuruta mmoja mwenye ndevu amefungwa mto wa kulalia tumboni, anagumia kwa ustadi. *Moja*, wakasimama. *Mbili*, wakaona. *Tatu*, wakasikitika, tena vizuri mno, maana walikuwa na mazoezi ya mwezi mzima. *Nne*, mikono. Wakamzungusha mjamzito yule mbele ya jukwaa mara mbili ili hata waliokaa pembeni waone.

Waziri alitoa leso. "Hii," alisema kwenye kipaza sauti, sauti ikimkatika, "hii ndiyo Nyookeni ninayoiota. Nchi ambayo hakuna mama atakayeachwa!"

Makofi. Ng'ambo ya mto, Kidawa alilia kilio ambacho hakikuwa cha maonyesho, na watu wachache wakageuka kumtazama kwa kero.

"Mheshimiwa!" Siwema alisimama mbele ya jukwaa, hakupiga saluti. "Mheshimiwa, mama mwenyewe yule pale. Wa kweli. Kata utepe apite."

Waziri alimwinamia Jenerali. "Yule naye yumo kwenye ratiba?"

"Hayumo, Mheshimiwa. Hajafanya mazoezi hata siku moja, ataharibu."

"Basi angoje kidogo," Waziri alisema kwa upole, maana alikuwa mtu mpole. "Namwona. Mwambieni nimemwona. Nitamtaja kwenye hotuba." Kisha akaongeza, akitabasamu: "Na wewe binti ndiye Siwema? Nina habari njema yako hapa mfukoni. Kaa, utaisikia."

Siwema alimtazama. Akautazama mfuko. Akalitazama daraja, magogo aliyoyapima mwenyewe, yenye uwezo wa kubeba ng'ombe wanne, na juu yake hakuna hata unyayo wa kuku. Akatazama makuruta wake waliojipanga mistari minne, vifua mbele, macho mbele, wamenyooka, wanangoja kuambiwa.

Aligeuka, akaenda akasimama mbele yao.

"Kikosi! Mguu sawa!"

Buti zikagonga. Jenerali alidhani ni sehemu ya onyesho, akatabasamu. Siwema akainua mkono wa kulia, akavuta pumzi mpaka ikafika kwenye visigino, na kwa sauti ile ya kupasua uwanja akaanzisha wimbo wa taifa.

Makuruta wakaupokea. Wangefanya nini?

Waziri alikuwa anakunywa maji; akabaki ameinua chupa, maji yakimchuruzika kidevuni. Jenerali alikuwa ameinama kuokota ratiba iliyoanguka, akabaki hivyo hivyo, nishani zikining'inia kama vitunguu. Askari wa msafara waliganda, wapambe waliganda, mpiga picha aliganda na jicho moja limefumbwa. Upande wa Ng'ambo wimbo uliwakuta walinzi wawili wameshaitikia ile mguu sawa, bunduki zimerudi mabegani, na njia ikawa wazi, imebaki utepe.

Siwema aliimba akiwatazama wale wanawake. Mkono wa kulia ulikuwa unapiga mapigo, na kila pigo lilikuwa linasema: *pita, pita, pita.*

Wanawake walisita. Sheria walikuwa wanaijua. Bi Havijawa ndiye aliyekata kauli. "Mimi wimbo wao sijawahi kualikwa kuuimba," alisema, "na uchungu hausimami mguu sawa." Akachomoa kwenye pindo la kanga wembe mpya, ule wa kukatia kitovu, akaukata utepe wa serikali, akabaki na wembe ule mkononi, akahakikisha wa akiba wa kitovu upo, akamsukuma Kidawa mbele.

Wakaingia darajani.

Ubeti wa waasisi ukaisha. Ubeti wa ng'ombe na madini ukaisha. Kidawa alifika katikati ya daraja, akashika mkono wa ukingo kwa mikono yote miwili, akainama. Uchungu ulikuwa umemkamata. Wenzake walimzunguka, wakamngoja. Maji yalikuwa yanaunguruma chini ya miguu yao. Ubeti wa umoja ukaisha, na Siwema akaona umebaki ubeti mmoja tu, wa Mtukufu, kisha kila mtu atakuwa huru kutembea, na wa kwanza kutembea watakuwa askari.

Macho ya Jenerali, yaliyokuwa chini karibu na magoti yake, yalimtazama kwa chuki. Macho hayakutajwa kwenye sheria.

Siwema akauruka ubeti wa Mtukufu wote mzima, kama mtu anavyoruka dimbwi, akaingia moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho.

Hakuna aliyetikisika, lakini uwanja mzima ulishtuka kwa ndani, ungeweza kuusikia. Tusi la namna ile halijawahi kutokea tangu uhuru. Na utakaso wake ulikuwa mmoja. Jenerali mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu wa sheria, alianza kuguna mstari wa kwanza kutoka pale alipoinama. Siwema akainua mkono. Kikosi kikaanza upya.

Kidawa akajinyoosha. Akavuta mguu. Akavuta wa pili. Wakafika ncha ya upande huu, na hapo walikuwa wamesimama Shomvi na utepe wa pili. Shomvi alikuwa mguu sawa, anaimba, bunduki yake ya mbao imeshikwa mbele ya kifua, imeziba njia kati ya nguzo na nguzo. Bi Havijawa akaukata utepe kwa wembe ule ule. Bunduki ikabaki.

"Mwanangu," alimwambia, "wewe ulikuja makalio kwanza. Mama yako nilimhangaikia usiku kucha. Nipishe."

Shomvi hakutikisika. Aliimba mstari wake mpaka mwisho, jasho likimtiririka, akitazama mbele. Kisha vidole vyake vikafunguka, kimoja kimoja, bila hesabu ya mtu yeyote, na bunduki ikaanguka, ikagonga gogo, ikaingia mtoni, ikachukuliwa na maji.

Kidawa alipita ubavuni mwake. Aliwapita wageni waalikwa, mstari wa kwanza, mstari wa pili. Katika mstari wa tatu Zamda muuguzi alikuwa amekaa kama gogo, macho mbele, mkono umeshika funguo mfukoni. Alimwona Kidawa akipita. Alimwona mjumbe wa nyumba kumi akimwona. Akatoka kwenye mstari, kwanza kwa kunyata, halafu kwa kukimbia, akawahi mbele yao, akaufungua mlango wa zahanati. Wakaingia. Mlango ukafungwa.

Basi. Siwema angeweza kuumaliza wimbo hapo. Koo lilikuwa linawaka kwa kuimba. Aliijua habari iliyokuwa inamngoja kwenye neno la mwisho: askari wawili wameshapanga kwa macho nani atamshika mkono gani, na ile barua mfukoni mwa Waziri itarudi mjini na mwenyewe.

Lakini alipotupa jicho mtoni aliona Ng'ambo nzima imeteremka ukingoni. Watoto wenye sare za shule waliokuwa hawajaonekana darasani tangu maji yapande. Mzee na mbuzi wake. Mama mwenye kikapu cha nyanya zilizokuwa zinaozea nyumbani. Walikuwa wameona daraja linapitika, wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine bila kuamriwa na mtu, na wa kwanza alikuwa ameshaweka unyayo kwenye gogo.

Wimbo ulikuwa unakaribia mwisho. Nzi alikuwa ametua kwenye pua ya Waziri, anajisafisha mbawa.

Siwema akaruka ubeti.

Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Akabadilisha mkono, akaanza upya.